Insha ya Mwanao Imesomwa na Nani?

Huenda jioni moja ukafungua daftari la mwanao aliye darasa la sita, na badala ya wino mwekundu wa mwalimu ukakuta penseli ya mtoto mwenziwe: mstari hapa, alama ya kuuliza pale, na pembeni neno "sijaelewa". Hapo utakasirika, useme mwalimu amewaachia watoto kazi anayolipwa mshahara.

Kabla hujaenda shuleni kugomba, tufanye hesabu. Darasa la wanafunzi 60, kila insha ikisomwa kwa dakika 5 tu, ni saa 5 kamili za kusahihisha. Madarasa ya namna hiyo si mageni nchini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977. Ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwaka 2002, na elimu bila ada hadi kidato cha nne mwaka 2016. Neema hizo zilijaza madawati. Mwalimu aliyelemewa aghalabu hupunguza insha, na mtoto asiyeandika hajifunzi kuandika.

Lakini uhaba wa muda si sababu pekee. Chukua insha ya "Mavuno ya Kahawa". Mtoto wa Kibosho, aliyekulia kihambani, ataandika: "Tulichuma, tukamenya, tukaosha, tukaanika." Kwake yametosha. Mpe daftari hilo mtoto wa Majengo, mjini Moshi, ambaye hajapata kushika mbuni. Atauliza: Mlimenya kwa nini, kwa mkono au kwa mashine? Mlianika wapi? Mwandishi atalazimika kueleza mashine ya kuzungusha kwa mkono, kahawa inavyoachwa ichachuke kabla ya kuoshwa, na vichanja vya kuanikia. Sasa geuza: mtoto wa mjini akiandika kwamba familia "ilikoboa" kahawa nyumbani, wa mlimani atamkumbusha kuwa kukoboa ni kazi ya kiwandani. Wino mwekundu, kwa maoni yangu, hauulizi maswali ya jinsi hiyo, hukata tu.

Kazi hii ina taratibu zake, na mwalimu asipozisimamia hugeuka mzaha. Msomaji kwanza hutafuta maana: wapi nimepotea, wapi nataka kujua zaidi. Tahajia huja mwisho, baada ya mwandishi kuandika upya. Alama hazitolewi na mwanafunzi hata kidogo, kwani hapo urafiki na ugomvi wa uwanjani huingia daftarini. Tena yapo makosa ambayo watoto hawawezi kuyaona. Ikiwa darasa zima limezoea kuchanganya "r" na "l", kura itapita kama kula, na jirani atatia alama ya vyema. Kwa hiyo mwalimu husoma nakala ya mwisho, akiwa na makosa machache zaidi ya kuhangaika nayo.

Nawe mzazi, ukirudi kutoka zamu, mwambie mwanao akusomee insha kwa sauti, hata kama hukusoma sana. Pale unapopotea, mwambie, "Hapo nimepotea." Kisha mwachie penseli yake, airekebishe mwenyewe.