Je, Wajua? Shuka Mbili za Kilwa

Je, wajua kwamba miaka zaidi ya 500 iliyopita, vazi la Kilwa lilimtambulisha mvaaji? Maelezo ya msafara wa Wareno ulioivamia Kilwa Kisiwani mwaka 1505 yanasema kwamba mtumwa alivaa shuka moja ya pamba, kutoka kiunoni hadi magotini. Mwungwana alivaa mbili: moja ya kiunoni iliyofika miguuni, nyingine ya mabegani.

Pamba yenyewe ilimea hapohapo kisiwani. Wanaakiolojia wamefukua huko vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Kigae cha chungu kilichovunjika kikawa chombo cha kazi! Katika kisiwa jirani, Songo Mnara, mji wa mawe ya matumbawe ulistawi karne ya 14 na ya 15. Magofu ya visiwa hivi viwili ni Urithi wa Dunia tangu 1981.

Leo mwanamke wa pwani hii ana doti ya kanga, nayo pia ni vipande viwili. Jikoni hujifunga kimoja kiunoni. Akitoka, cha pili hujitanda. Msibani hujifunika vyote.

Ukienda Songo Mnara, maji yakipwa huenda ukashuka botini na kutembea majini. Vaa pamba, maana jua la Kilwa ni kali, na ubebe kanga.