Chai, Kahawa na Maumivu ya Kichwa ya Siku ya Kwanza

Siku ya kwanza ya mwezi wa Ramadhani, ifikapo alasiri, wafungaji wengi hushikwa na maumivu ya kichwa. Aghalabu maumivu hayo hayachomi. Hugandamiza, kama kwamba kichwa kimefungwa kitambaa kilichokazwa pande zote. Wengi husingizia njaa, kiu au jua. Sababu hizo hazikosi nafasi yake, walakini ipo nyingine isiyotajwa sana: mfungaji hakunywa chai wala kahawa yake ya asubuhi.

Mwaka 1999 matabibu wawili wa Saudi Arabia walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili. Kati ya watu 91 waliofunga, 37, yaani asilimia 41, waliumwa kichwa siku ya kwanza ya Ramadhani. Kati ya watu 25 ambao hawakufunga, walioumwa walikuwa 2 tu. Katika mambo yaliyohusika na maumivu hayo, kukosa kafeini kulitangulia.

Taabu hii si ya wafungaji peke yao. Humpata mgonjwa aliyeamriwa asile wala asinywe kitu kabla ya kupasuliwa. Humpata mwalimu anywaye vikombe vitano vya chai shuleni siku za kazi, kisha Jumamosi akashinda shambani bila ya hata kimoja. Humpata pia mwanafunzi aliyekesha kwa kahawa wakati wa mitihani, na mitihani ikiisha akaiacha ghafula.

Kafeini ilitengwa kwa mara ya kwanza na mkemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge. Mwaka 1819 kijana huyo alimwonyesha mshairi Goethe jinsi maji ya mmea wa beladona yanavyopanua mboni ya jicho la paka. Goethe alipendezwa, akampa punje chache za kahawa akazichunguze. Leo inajulikana kwamba kikombe cha mililita 240 cha kahawa iliyochujwa huwa na miligramu 95 hivi za kafeini, na cha chai ya rangi karibu nusu ya hizo. Kahawa ya robusta, istawiyo Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Na kwa kuwa huko Kagera buni zilizochemshwa na kukaushwa hutafunwa, mtu aweza kupata kafeini pasipo kunywa chochote. Asemaye kwamba hanywi kahawa, na hali anamaliza birika la chai kutwa, hajasema kitu.

Katika ubongo kuna kemikali iitwayo adenosini, ambayo huongezeka kadiri mtu anavyokaa macho. Hujishikiza kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli. Hapo usingizi hukaribia, na mishipa ya damu ya ubongo hutanuka. Molekuli ya kafeini inafanana na adenosini kiasi cha kuweza kuingia katika kufuli ileile, lakini haiwezi kuifungua. Huiziba tu. Kwa hiyo mnywaji huchangamka, na mishipa yake hunywea.

Mwili hauiachi hali hiyo iendelee bila ya kujirekebisha. Kwa mtu anywaye kila siku, ubongo huongeza idadi ya vipokezi ili adenosini ipate kufanya kazi yake ijapokuwa baadhi ya kufuli zimezibwa. Kafeini ikikatwa ghafula, kufuli zote huwa wazi kwa pamoja, zile za asili na zile zilizoongezwa. Mishipa hutanuka kupita kiasi, na damu huenda ubongoni kwa wingi. Vipimo vya mawimbi ya sauti vilivyochapishwa Marekani mwaka 2000 vilithibitisha jambo hilo.

Je, si mawazo tu ya mtu aliyekosa kitu akipendacho? Swali hili lilijibiwa kwa jaribio lililochapishwa mwaka 1992, nalo lafaa kujadiliwa darasani. Watu wazima 62, ambao kwa wastani walipata miligramu 235 za kafeini kwa siku, waliachishwa vinywaji vyao kwa siku mbili. Kwa zamu moja walipewa vidonge vya kafeini, na kwa zamu nyingine vidonge vitupu vya sura ileile. Wao wenyewe hawakujua ni vipi. Walipomeza vitupu, asilimia 52 waliumwa kichwa kwa kiasi cha kati au kikali. Walipomeza vyenye kafeini, asilimia 6 tu. Majaribio mengine, ya mwaka 1999, yalionyesha kwamba siku 3 mfululizo za kafeini zatosha kuuzoesha mwili.

Maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia kilele siku ya pili, na huisha yenyewe katika muda wa siku 2 hadi 9, vipokezi vinaporudi katika kiasi chake. Kitambaa cha maji baridi kipajini, chumba chenye kiza, maji ya kutosha na usingizi hupunguza adha, lakini havigusi asili yake. Njia iliyo bora kuliko zote ni kutoikata kafeini ghafula. Mwenye kunywa vikombe vinne anywe vitatu kwa siku tatu au nne, kisha viwili, kisha kimoja, kisha nusu. Nusu hiyo si mzaha: katika majaribio hayo ya mwaka 1999, watu waliozoea miligramu 300 kwa siku walikingwa na maumivu kwa miligramu 25 tu.

Atakaye kufunga aanze kupunguza katikati ya Shaabani. Tena kikombe cha wakati wa daku kina faida, kama hesabu inavyoonyesha. Kwa mtu mzima kafeini hupungua mwilini kwa nusu katika muda wa saa 5 hivi. Anywaye miligramu 100 saa 11 alfajiri hubakiwa na 50 saa 4 asubuhi, na 25 saa 9 alasiri. Kwa mvuta sigara muda huo ni mfupi zaidi. Kwa mjamzito hurefuka sana.

Katika nchi zetu kuna hatari moja ya pekee. Kuumwa kichwa, uchovu na kichefuchefu hudhaniwa upesi kuwa malaria. Mtu hununua dawa pasipo kupima damu, huzimeza kwa siku 3, na siku ya nne hujiona mzima. Kumbe hata asingemeza kitu angepona katika siku zizo hizo. Naye sasa anaamini kwamba alikuwa na malaria na kwamba dawa ilimponya. Kosa la kinyume chake ni baya zaidi. Kukosa kafeini hakupandishi joto la mwili. Mwenye joto kali, shingo iliyokakamaa, maumivu yaliyompiga kwa ghafula, au yasiyokwisha baada ya siku tisa, asihesabu vikombe bali aende hospitali.

Kuhusu vidonge vya kutuliza maumivu, wapo wanaoapa kwamba vidonge fulani huwaondolea maumivu haya kuliko vingine. Huenda wanasema kweli. Baadhi ya vidonge hivyo vimetiwa kafeini, mara nyingi miligramu 65 katika kimoja, na ameze viwili mtu amekwisha pata zaidi ya kikombe kizima cha kahawa. Maumivu hutulia kwa kuwa mwili umerudishiwa kile ulichokosa, na siku za kuachishwa huanza kuhesabiwa upya. Kiasi hicho huandikwa kwenye paketi, aghalabu kwa herufi ndogo.