Kisichoandikwa Kituoni: Polisi na Imani ya Raia Busia na Malaba

Mchuuzi anayevusha trei za mayai kwa baiskeli kutoka upande wa Uganda anaweza kusimamishwa mara nne kabla ya kufika sokoni Busia. Kuna polisi wa kituo, kuna polisi wa mpakani walio chini ya Polisi Tawala, kuna maafisa wa forodha wa KRA na kuna askari wa kaunti. Baadhi yao wana sare, wengine hawana. Yeye hajui yupi kati yao ana mamlaka gani juu ya mayai yake. Akiambiwa aweke kando, huweka kando. Akiambiwa "tuongee", huelewa.

Tunapozungumzia hasira za Wakenya dhidi ya polisi, macho huelekea Nairobi, na sababu zipo. Mnamo Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang' alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi na kufia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Daktari wa serikali aliyeupasua mwili alipata majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo, na Inspekta Jenerali Douglas Kanja akalazimika kuomba radhi mbele ya Seneti. IPOA, mamlaka huru inayochunguza utendakazi wa polisi, ilieleza kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Kifo kiliumiza watu, lakini kauli ile ya kwanza na zile kamera ndizo zilizowafanya waulize: tumeelezwa uongo mara ngapi ambapo hapakuwa na daktari wa kuukanusha?

Swali hilo lina uzito zaidi Malaba kuliko Nairobi. Kwa maoni yangu, imani kwa polisi huvunjika hasa pale raia na afisa wanapokutana na mkutano huo usiache alama yoyote ya maandishi.

Sheria inataka alama hiyo iwepo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamwagiza mkuu wa kituo kuweka rekodi ya malalamiko yote, majina ya waliokamatwa na makosa wanayoshtakiwa. Rekodi yenyewe ni kile kitabu kikubwa kilicho kaunta, tunachokiita OB. Kila tukio hupewa nambari yake ya siku, ikifuatwa na tarehe, na pembeni huandikwa saa. Kurasa zake hufuatana, kwa hiyo tukio likirukwa au likichomekwa baadaye, mkaguzi makini huliona. Saa hiyo iliyoandikwa pembeni ina kazi kubwa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za korti. Asiyeandikwa hana saa ya kuanza kuhesabia. Anaweza kulala seli siku mbili, na kwenye karatasi ionekane aliingia asubuhi ya leo.

Anayedhani haya ni mambo ya makarani tu aikumbuke kesi ya wakili Willie Kimani. Mteja wake, Josephat Mwenda, alikuwa mwendeshaji wa bodaboda aliyepigwa risasi na polisi aliposimamishwa barabarani mwaka 2015, akathubutu kulalamika IPOA. Juni 23, 2016, walipotoka katika korti ya Mavoko, wote wawili walitekwa pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, wakafungiwa katika kambi ya polisi ya Syokimau. Humo Kimani aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya shashi, akaomba mkewe apigiwe simu, akakirusha nje. Kipande hicho kiliokotwa na kikawa sehemu ya ushahidi. Watatu hao waliuawa. Afisa Fredrick Leliman alihukumiwa kifo Februari 2023. Kwa wakili aliyefungiwa ndani ya kambi ya polisi, maandishi yaliyosaidia kuonyesha alipokuwa yalikuwa yake mwenyewe.

Mpakani kuna jambo jingine linalozidisha ukimya. Sheria hubadilika kwa hatua chache: Kenya ni saa 24, lakini ukivuka daraja la mto Malaba, katiba ya Uganda inaruhusu saa 48. Familia za Wateso zina ndugu pande zote mbili, na wengi huvuka asubuhi na kurudi jioni bila kuwaza haki zao zimebadilika vipi. Kanuni za mizigo nazo hugeuka ghafla. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti mapya. Kanuni ikibadilika kabla mwenye gunia hajaambiwa, anayeifahamu, au anayejifanya kuifahamu, ana nguvu kubwa juu yake.

Halafu kuna njia za panya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa kwetu, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti kinachotolewa hapo hapo mpakani. Wengi hawaujui. Wengine wanaujua lakini wanaogopa foleni na maswali, basi wanapita vichochoroni, na huko ndiko wanakopoteza sauti. Mama aliyetozwa hongo kwenye njia ya panya hawezi kwenda kituoni kulalamika, kwa kuwa swali la kwanza litakuwa alikuwa akifanya nini huko. Anayemtoza analijua hilo vizuri, na ndiyo maana husimama pale.

Sisemi kila afisa ni mla hongo. Kuna maafisa wanaokesha wakisaka wasafirishaji wa bangi na wezi wa pikipiki, nao hutupwa katika kapu moja na wenzao. Hao ndio wangefaidika kwanza na OB inayojazwa kwa uaminifu, kwa sababu ndicho kitu pekee kinachoweza kuonyesha kwamba walifanya kazi yao ipasavyo.

Kulalamika nako si kwepesi. Jijini mlalamishi anaweza kupotelea katika umati. Malaba ni barabara moja, na afisa uliyemshtaki leo utakutana naye kesho na mzigo wako. Kwa hiyo kumwambia raia awe jasiri hakutoshi. Wakuu wa vituo vya Busia na Malaba wanapaswa kuhakikisha kila aliyeingizwa seli ameandikwa saa ile ile, na kila mzigo uliozuiwa una karatasi inayoonyesha nani ameuzuia na kwa nini. Mahakimu wa Busia nao waulize saa ya OB kila mshtakiwa anapofikishwa mbele yao. OB ya kidijitali imetangazwa zaidi ya mara moja. Vituo vya mpakani vingestahili kupewa mapema.

Nawe msomaji, ukisimamishwa, soma jina au nambari kwenye sare. Sheria inataka ionekane wazi. Ukipeleka malalamiko kituoni, usiondoke bila nambari ya OB. Dhamana ya polisi haiuzwi, na ukitakiwa kuweka pesa taslimu, dai risiti rasmi, maana pesa hizo ni zako na utarudishiwa kesi ikiisha ikiwa ulihudhuria. Polisi wakikataa, simu ya IPOA ni 1559. Kuipiga ni bure, na huhitaji wakili.