Kutoka Jahazi hadi Gari: Uundaji na Upakaji Rangi wa Magari Yaendayo Turkana na Msamiati Wake

Utangulizi

Barabara itokayo Lodwar kuelekea Kakuma ina urefu wa takriban kilomita 120. Joto la mchana huko aghalabu huzidi nyuzi 35 za Selsiasi, upepo huvurumisha mchanga, na mvua inyeshapo milimani, mikondo mikavu iitwayo laga hufurika ghafla na kukata njia. Malori ya chakula, pikapu na magari ya abiria hupita humo kila siku, hasa tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipoanzishwa mwaka 1992. Makala haya yanashughulikia maswali mawili. La kwanza, gari huundwaje kiwandani, na ni nini kinacholikinga bati lake lisiliwe na kutu? La pili, je, Kiswahili kinaweza kulieleza jambo hilo bila kuazima kila neno? Hoja ya makala ni kwamba kinaweza, kwani waundaji wa majahazi wa pwani walikwisha kukabiliana na tatizo lile lile.

Kutoka Bati hadi Bodi

Mwaka 1913, Henry Ford alianzisha mstari wa uundaji unaosogea katika kiwanda chake cha Highland Park, Marekani. Badala ya mafundi kulizunguka gari, gari lilipelekwa mbele ya kila fundi, naye akatenda kazi moja tu. Muda wa kuunda chesi ulipungua kutoka zaidi ya saa 12 hadi saa moja na nusu hivi.

Utaratibu huo ndio msingi wa viwanda vya leo. Mabati ya feleji hukatwa na kukandamizwa kwa mashinikizo mazito hadi yapate umbo la mlango, boneti au paa. Vipande hivyo hubanwa kwenye viunzi maalumu ili kila kimoja kikae mahali pake, kisha roboti huvichomelea katika maelfu ya nukta. Kinachopatikana ni bodi tupu, isiyo na rangi, injini wala viti.

Nchini Kenya hali ni tofauti kidogo. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers cha Mombasa, kile cha Kenya Vehicle Manufacturers cha Thika, na kile cha Isuzu East Africa cha Nairobi, ambacho hadi mwaka 2017 kilikuwa cha General Motors, aghalabu hupokea vipande vilivyotengenezwa ng'ambo na kufungwa makashani. Kazi ambayo kwingineko hufanywa na roboti, hapa hutegemea zaidi mikono ya watu. Pikapu za Land Cruiser, ambazo ni maarufu kaskazini mwa Kenya, zimekuwa zikiunganishwa Mombasa kwa njia hiyo. Kwa hiyo, yafaa kutofautisha kuunda na kuunganisha: kuunda huanzia kwenye bati, ilhali kuunganisha huanzia kwenye kasha.

Matabaka ya Rangi

Watu wengi hudhani kwamba rangi ya gari ni pambo. Ukweli ni kwamba rangi ni ngao kabla ya kuwa pambo, na ngao hiyo ina matabaka kadhaa.

Kwanza, bodi huoshwa ili kuondoa mafuta na vumbi, kisha huvishwa utando mwembamba wa fosfati ya zinki. Utando huu husaidia rangi kushika.

Pili, bodi nzima huzamishwa katika hodhi la rangi iliyochanganywa na maji, na umeme hupitishwa humo. Chembe za rangi huvutwa na bati, zikajibandika hata katika mianya ya ndani ambako bomba la kupulizia haliwezi kufika. Sehemu iliyokwisha kufunikwa huzuia umeme, hivyo chembe zinazofuata huelekea palipobaki wazi. Mbinu hii ilianza kutumika katika viwanda vya magari katika miaka ya 1960. Baada ya hapo bodi hupitishwa kwenye joko lenye joto la nyuzi 160 hadi 180 ili rangi ikauke na kuwa ngumu.

Tatu, maungio ya mabati huzibwa kwa gundi nzito ili maji yasipenye.

Nne, hupulizwa rangi ya kutangulia, yaani praima, kisha rangi yenyewe, na juu yake vanishi isiyo na rangi. Bodi hurudishwa tena jokoni. Matabaka yote kwa pamoja yana unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na karatasi ya kuandikia. Hatimaye bodi hurudi kwenye mstari ili kupokea injini, nyaya, vioo na viti.

Katika barabara ya Kakuma, jua hushambulia vanishi, ambayo hufifia na kubambuka. Mchanga hukwaruza, na changarawe zirushwazo na magurudumu huchimba hadi kwenye bati. Hapo maji ya laga hupata mlango, na kutu huanza kutambaa chini ya rangi ambayo kwa nje bado yaonekana nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Fundi wa jua kali mjini Lodwar hawezi kurudia kazi ya kiwanda. Gari lililokwisha kukamilika haliwezi kuzamishwa hodhini, wala kuingizwa katika joko kali, kwa kuwa mipira, plastiki na nyaya zake zingeharibika. Analoweza ni kukwangua kutu yote hadi bati ling'ae, kupaka praima, kisha kupuliza rangi iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha bila joto kali. Akiruka hatua ya kwanza, rangi mpya itaficha tu maradhi ya zamani.

Urithi wa Waundaji wa Majahazi

Mafundi wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, waliyajua mambo haya kwa sura nyingine. Kitenzi "unda" kinahusishwa tangu zamani na vyombo vya baharini. Mianya kati ya mbao ilizibwa kwa pamba, kazi iitwayo "kalafati"; na sehemu ya chombo izamayo majini ilipakwa "deheni", mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Gundi ya maungio ya gari ni kalafati ya bati, na tabaka la hodhini ni deheni ya kiwandani. Hata "msasa" wa gereji ulikuwa kwanza jina la mti ambao majani yake makavu yalitumiwa na maseremala kulainisha mbao. Mahali ambapo urithi haukutosha, lugha iliazima na kuswahilisha: boneti, chesi, praima, vanishi.

Jambo hili si la wanaleksikografia pekee. Huko Kakuma, vijana kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Burundi hujifunza ufundi pamoja na Waturkana. Kiswahili kinaweza kuwa daraja lao, lakini vitabu vya ufundi wa magari kwa kawaida ni vya Kiingereza. Mwanafunzi asiyekisoma vyema huambulia vitendo bila sababu zake: huonyeshwa kupuliza rangi, asielezwe kwa nini kutu iondolewe kwanza. Mteja akirudi na kazi iliyobambuka, riziki yake hubambuka nayo.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hadhi hiyo itakuwa na maana gerejini ikiwa kutakuwa na miongozo ya ufundi inayosomeka. Yapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili wakusanye msamiati wa mafundi wa Lodwar na Kakuma, waulinganishe na ule wa waundaji wa majahazi, kisha watunge mwongozo mfupi wa ukarabati wa bodi na rangi. Mafundi wenyewe na wausome kwanza. Istilahi watakayoikataa ibadilishwe kabla ya kuchapishwa.