Mfalme wa Majonzi Aliyejifunza Kucheka

Walioziandama picha za Kihindi hapa pwani watakubaliana nami kwamba hakuna stelingi aliyewaliza mama zetu kama Dilip Kumar. Wengi wao hawakujua Kihindi, lakini walitoka senema buibui zimelowa machozi.

Jina alilopewa na wazee wake ni Muhammad Yusuf Khan. Alizaliwa Peshawar tarehe 11 Desemba 1922, mwana wa mfanyabiashara wa matunda. Devika Rani, bibi aliyeiongoza kampuni ya Bombay Talkies, ndiye aliyemwingiza kazini na kumpa jina jipya. Yusuf alilipokea, kwani babake aliidharau kazi ya senema, naye alimcha mzee wake. Picha yake ya kwanza, Jwar Bhata, ilitoka mwaka 1944.

Siku zile wachezaji wengi walipaza sauti kana kwamba wako jukwaani. Yeye aliishusha. Neno zito alilisema polepole, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikochoma. Katika Andaz (1949) apigwa risasi na yule ampendaye. Katika Deedar (1951) arudishiwa macho, kisha ajipofua mwenyewe. Katika Devdas (1955) ulevi wamwua langoni kwa mpenziwe.

Lakini majonzi hayana mzaha. Aliyabeba hadi nyumbani yakamwelemea, na madaktari wakamshauri atafute picha za furaha. Sisi watungaji twalijua jambo hili: atungaye shairi la msiba na aiache huzuni karatasini, asilale nayo.

Yusuf alisikia nasaha. Akacheza Azaad (1955). Akacheza Kohinoor (1960), ambayo kwa ajili yake alijifunza kupiga sitar. Kisha Ram Aur Shyam (1967), akiwa pacha wawili peke yake. Zote tatu zilimpatia tuzo ya Filmfare ya mchezaji bora, tuzo aliyoipata mara 8.

Wapo wasemao kwamba msanii wa kweli sharti ateketee kama mshumaa. Mimi sikubali. Mwaka 1982, akiwa na miaka karibu 60, alitoka katika Shakti, afisa wa polisi ampigaye risasi mwanawe mwenyewe. Huzuni yake ilikuwa nzito kuliko ya ujanani, na sauti ingali chini. Angeliteketea mapema, tusingaliipata.

Alifariki Mumbai tarehe 7 Julai 2021, akiwa na miaka 98. Mola amrehemu.