Mhusika wa Kubuni katika Kisa cha Mauaji ya Kweli

Tamthilia nyingi za televisheni zinazosimulia uhalifu uliotendeka kweli huanza kwa maandishi mafupi. Huelezwa kwamba kisa kimetokana na matukio halisi, na kwamba baadhi ya wahusika na mazungumzo yamebuniwa. Maandishi hayo hukaa sekunde chache kwenye kioo, kisha hutoweka. Mtazamaji asiyesoma upesi, au asiyejua lugha yaliyoandikwa kwayo, hubaki na nusu ya kwanza ya habari, yaani kwamba haya yalitokea.

Katika kata kama Migato, wilayani Itilima, ambayo hadi mwaka 2012 ilihesabiwa katika Bariadi ya Mkoa wa Shinyanga, picha za namna hii zimekuwa zikifika kwa njia ya vibanda vya video na simu za mkononi. Mara nyingi huja na sauti ya mfasiri aliyeweka Kiswahili juu ya mazungumzo ya wenyewe. Mfasiri huyo naye ni mtunzi. Waliowahi kumsikiliza Lufufu, aliyepata sifa kubwa kwa kazi hiyo nchini, wanakumbuka jinsi alivyoeleza, alivyotania na alivyoongeza. Basi kati ya tukio na mtazamaji wamesimama watungaji wawili au watatu, na kila mmoja ametia mkono wake. Katika makala hii tunakusudia kueleza uhuru huo wa msanii ni nini, na kwa nini jambo hili linamhusu mchungaji.

Tuanze na sababu zake. Kesi ya mauaji yaweza kuwa na mashahidi ishirini, wapelelezi sita na miaka mitatu ya kuahirishwa. Tamthilia ya saa moja haiwezi kubeba hayo yote. Hivyo mtunzi huwaunganisha wapelelezi sita wakawa mmoja, huibana miaka mitatu ikawa wiki mbili, na hutunga maneno waliyosemeana mwuaji na marehemu, kwa kuwa hakuna aliyekuwapo kuyaandika. Nchini Kenya tamthilia ya Crime and Justice, iliyoanza kuonyeshwa na Showmax mwezi Februari 2021, ilikwenda mbali zaidi. Iliwabuni wapelelezi wawili, Makena na Silas, ikawapa visa vilivyofanana na habari ambazo wananchi walikuwa wamekwisha kuzisoma magazetini. Wahusika ni wa kubuni, majina ni ya kubuni, lakini mtazamaji wa Nairobi anatambua. Kwa njia hiyo jambo la hadhara huzungumzwa bila kumtia hatiani mtu ambaye mahakama haijamtia hatiani.

Si njia ngeni kwa msomaji wa Biblia. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi alikuwa na kesi ya mauaji mkononi: Uria Mhiti ameuawa vitani kwa barua ya mfalme. Nathani hakuanza na barua hiyo. Alibuni tajiri, maskini na mwanakondoo. Tena alimwingiza msafiri aliyefika nyumbani kwa tajiri akihitaji kuandaliwa chakula, na msafiri huyo hana mwenzake katika kisa cha kweli. Wafafanuzi wengi wamejisumbua kumtafuta ni nani. Sisi twaona kwamba Nathani alimhitaji tu ili hadithi itembee, kama vile mtunzi wa tamthilia amhitajivyo mpelelezi wake. Hata tendo lenyewe limegeuzwa: katika hadithi aliyechinjwa ni mwanakondoo, katika kisa aliyekufa ni mume.

Lakini tutazame jinsi Maandiko yalivyopanga. Sura ya 11 ya Kitabu cha Pili cha Samweli inaeleza tukio lilivyokuwa. Sura ya 12 ndiyo yenye hadithi. Msomaji anayo kumbukumbu na anao mchezo, kando kwa kando, na hawezi kuvichanganya. Na Nathani mwenyewe hakumwacha msikilizaji wake ndani ya hadithi. Mara Daudi alipotoa hukumu, nabii alimwondolea pazia akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye, kisha akamtaja Uria kwa jina lake. Tamthilia nyingi za leo huishia pale Daudi alipokasirika.

Tuchukue mfano wa Afrika Mashariki ulio maarufu kuliko yote. Filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyotokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, inahusu utawala wa Idi Amin nchini Uganda. Amin ni mtu wa kweli, na Forest Whitaker alimwigiza kwa ufundi uliompatia tuzo ya Oscar. Lakini mhusika tunayemfuata tangu mwanzo hadi mwisho, daktari kijana wa Kiskoti aitwaye Nicholas Garrigan, hakuwako. Katika filamu daktari huyo anafanya uhusiano na Kay, mke wa Amin, na Kay anauawa kikatili kwa amri ya mumewe.

Kay alikuwako. Alikuwa binti wa mchungaji. Amin alikuwa amekwisha kumpa talaka mwezi Machi 1974, na alifariki mwezi Agosti mwaka ule ule. Mwili wake ulikutwa umekatwakatwa, na daktari mmoja Mganda aliyehusishwa naye alikufa siku zizo hizo. Namna alivyokufa imesimuliwa kwa njia zaidi ya moja. Filamu imeiondoa mashaka yote: imempa mpenzi asiyemjua, imempa ndoa iliyokwisha kuvunjika, na imempa mwuaji mmoja asiye na shaka. Huenda mtu akasema, Amin aliua maelfu kwa maelfu, dhambi moja zaidi yampunguzia nini? Hatudhani swali ni la Amin. Ni la mwanamke huyo na jamaa zake, ambao sasa ulimwengu unawafahamu kwa uzinzi uliotungwa mezani. Katika sheria tuliyoirithi kwa Waingereza marehemu hana kesi ya kashfa. Amri ya nane haikuweka mpaka huo.

Uganda ile ile inatupa kipimo kingine. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa mwezi Februari 1977 pamoja na mawaziri wawili, serikali ilitangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Hiyo nayo ilikuwa hadithi iliyobuniwa juu ya mauaji ya kweli, ila haikukiri kwamba imebuniwa. Na katika mwaka huo huo Byron Kawadwa, mkurugenzi wa sanaa wa Jumba la Taifa la Michezo la Kampala, aliuawa baada ya kurudi kutoka tamasha la Lagos alikopeleka tamthilia yake ya Oluyimba lwa Wankoko. Kumbe watawala wanaosema uongo kwa jina la habari huwaogopa sana wanaosema kweli kwa jina la mchezo. Mwenye kutaka kuunyima usanii uhuru wote na alikumbuke hilo.

Hapa nchini Ebrahim Hussein aliliweka jambo hili wazi zaidi ya wengi. Katika dibaji ya tamthilia yake ya Kinjeketile alieleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha fikra, si yule aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, ingawa matendo yao yanafanana. Dibaji hiyo hukaa ndani ya kitabu; haipiti sekunde tatu ikatoweka.

Sasa tuje nyumbani. Filamu ya White Shadow ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Noaz Deshe na kuchezwa nchini kwetu, inamhusu kijana mwenye ualbino aitwaye Alias, aliyechezwa na Hamisi Bazili. Baba yake anauawa, naye anapelekwa mjini kwa mjomba. Alias ni wa kubuni, lakini mauaji si ya kubuni: mnamo Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya namna yake nchini. Mtunzi angeweza kulichukua jina la kijana huyo. Kwa kubuni mwingine aliiachia familia msiba wao. Hapa uhuru wa msanii umetumika kumstahi jirani.

Lakini ipo picha nyingine, iliyoenea zaidi vijijini kuliko hiyo, ya bibi kizee mwenye macho mekundu. Katika sinema nyingi za Kiswahili na za Kinigeria bibi huyo anatuhumiwa uchawi, na kufikia mwisho inadhihirika kwamba ni mchawi kweli. Kamera yenyewe imemwona akiruka usiku. Mtunzi atajitetea kwamba hakumtaja mtu. Ni kweli, hakutaja. Lakini Usukuma mhusika huyo ana nyumba na ana majirani. Uchunguzi wa Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu yao wakiwa wa Usukuma. Macho ya bibi yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe aliyopikia miaka hamsini. Tamthilia inapoyatolea sababu nyingine, na kusema mwanzoni kwamba kisa ni cha kweli, inatoa ushahidi katika kesi isiyo na hakimu, na hukumu yake hutekelezwa kwa panga.

Luther, akifafanua amri ya nane katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, anatofautisha kuijua dhambi na kuihukumu. Kuijua hakumpi mtu mamlaka ya kuitangaza; mamlaka hiyo ni ya walio na kazi hiyo. Dhambi iliyokwisha kuwa wazi mbele ya wote yaweza kusemwa wazi. Kwa kipimo hicho mtunzi anaruhusiwa mengi juu ya jambo lililohukumiwa mahakamani, machache juu ya linaloshukiwa, na juu ya uvumi hana ruhusa yoyote. Na Katekisimu Ndogo inaongeza wajibu ambao waandishi wa tamthilia huusahau, yaani kumtetea jirani na kulifasiri jambo lake kwa wema kadiri iwezekanavyo.

Wala tusidhani tunawasema watu wa Nairobi na wa ng'ambo peke yao. Kanisa limetunga michezo ya Mateso tangu kale, likaongeza wahusika na maneno yasiyo katika Injili, na katika Ulaya michezo hiyo iliwafundisha Wakristo kuwachukia Wayahudi. Ule wa Oberammergau, ulioanza mwaka 1634, umelazimika kurekebishwa mara kwa mara kwa sababu hiyo. Na kila Jumapili mhubiri anayesimama akasema, palikuwa na mtu mmoja katika kijiji fulani, ni mtunzi wa tamthilia. Mwanafunzi wa theolojia hufundishwa kubadili jina. Katika mji mkubwa yatosha. Katika Migato haitoshi, kwa maana msikilizaji atamtambua mtu kwa idadi ya ng'ombe, kwa mwaka wa njaa, kwa upande wa mto alikojenga, hata kwa ugonjwa wa mtoto wake. Ikiwa kisa kilisikika katika maungamo, hakuna kubadili kunakotosha, na mchungaji akiache. Ikiwa ni cha hadhara, na abadili ng'ombe wawe mbuzi, mume awe kaka, na mauaji yawe wizi, kama Nathani alivyomfanya Uria maskini mwenye mwanakondoo. Tena awaambie wasikilizaji kwamba mfano huu ameutunga. Vijana wa usharika wakitaka kuigiza mauaji yaliyotokea kwao, mchungaji aende kwanza kwa wafiwa, kabla ya mazoezi kuanza, akiwa na mzee wa kanisa, awaulize. Na kama watakataa, mchezo ubadilishwe.