Ukiinuka kutoka kiti cha saiba, umeacha nini nyuma?

Alasiri moja mwishoni mwa Juni niliingia saiba moja mjini Embu kuandika barua. Msimu huo foleni hufika mlangoni, kwani siku ya mwisho ya kujaza fomu za ushuru za KRA ni Juni 30. Zamu yangu ilipofika, nilikalia kiti kilichokuwa kingali na joto la mwenzangu. Nilipofungua ukurasa wa baruapepe, sikuulizwa jina wala neno la siri. Mbele yangu zilijipanga barua za mtu nisiyemjua: majibu ya hospitali, taarifa ya benki, maombi ya kazi.

Niliifunga akaunti ile, nikaendelea na shughuli zangu. Lakini je, kama zamu ile ingekuwa ya mtu mwenye nia mbaya?

Msomaji, usimcheke mwenzako. Kuanzia Makutano mjini Meru hadi katikati ya mji wa Embu, wengi hawana kompyuta nyumbani. Mwanafunzi huenda saiba kuomba mkopo wa HELB, naye mzazi hutafuta stakabadhi kupitia eCitizen. Wote hutumia mashine ileile.

Alama za miguu

Programu inayotufungulia kurasa za mtandao huitwa kivinjari, na hakisahau upesi. Huweka orodha ya kurasa ulizozuru na maneno ya siri uliyokubali yahifadhiwe. Pia huweka vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti hutumia kukutambua ukirudi. Hivyo ndivyo vilivyonifungulia barua za yule mteja. Alifunga dirisha, akadhani amefunga mlango.

Dawa si ngumu. Kabla ya kuanza, fungua dirisha la faragha. Katika Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja; katika Firefox, badala ya N bonyeza P. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi neno lako la siri, kataa. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kutoka katika kila akaunti, kisha ufunge madirisha yote ya faragha. Likibaki moja wazi, kazi yako ni bure.

Usisahau faili ulizopakua. Nakala ya kitambulisho au cheti chako hubaki kwenye mashine hata ukitumia dirisha la faragha. Ifute, kisha umwage na pipa la taka la kompyuta.

Si kofia ya uchawi

Hata hivyo, dirisha la faragha hukuficha machoni pa mteja anayekufuata tu. Tovuti unazozuru bado zinaweza kukuona, na mwenye mtandao anaweza kujua ulikokwenda. Mwaka wa 2020, watumiaji nchini Marekani waliishtaki Google kwa kukusanya habari zao wakiwa katika dirisha hilo la Chrome. Mwaka wa 2024, kampuni hiyo ilikubali kuharibu mabilioni ya rekodi.

Tena, ikiwa mashine imetiwa programu ya kunasa kila herufi unayoandika, dirisha hilo halitakuokoa. Kwa hivyo, mambo ya benki yaache yangoje.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji ufundi wowote: daftari la mhudumu. Wateja wengi, hasa wazee, hufunguliwa akaunti na mhudumu, naye huchagua neno la siri na kuliandika kando. Pengine ni kwa wema tu. Lakini mwenye neno hilo ana ufunguo wa nyumba yako. Mzazi akirudi kutoka saiba, kijana, kaa naye mlibadilishe kwa simu ya nyumbani.

Sheria nayo iko. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka wa 2018, anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, au kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili. Lakini sheria huja baada ya maji kumwagika.

Na ukikumbuka ukiwa tayari ndani ya matatu kwamba hukutoka katika akaunti? Usingoje kufika. Badilisha neno la siri kwa simu. Akaunti ya Google pia huonyesha orodha ya vifaa ulivyoingilia; chagua ile kompyuta, uiondoe.

Aliyekalia kiti kile kabla yangu hajui kwamba nilimtolea akaunti yake. Wewe usitegemee bahati kama hiyo.